Mfumo Usiomjua Zablon Hata Mmoja

Saa mbili asubuhi, chai ya Recheli imeshapoa bila kuguswa. Karani huyu wa masijala, katika chama cha ushirika cha wafuga nyuki mjini Tabora, anaikodolea macho kompyuta kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

"Hakuna," anasema Deus, fundi wa mfumo mpya wa kutafuta mafaili. "Naandika Zablon Masolwa, naambulia patupu."

"Haiwezekani! Lile nililiingiza kwa mkono wangu."

Kwenye benchi ameketi mama mkwe wa Recheli, Minza, aliyefika jana kutoka Ulyankulu. Mumewe, ndiye huyo Zablon, amefariki, na bila faili lake hawezi kurithi eneo lao la mizinga msituni. Mwisho wa kubadilisha jina la mmiliki ni leo. Baada ya hapo eneo anapewa mtu mwingine.

Mwaka mzima Recheli aliyapiga picha mafaili ya wanachama, moja moja, na kuandika jina la kila mmoja ili mfumo uweze kumpata. Alisifiwa sana. Makaratasi yakatiwa kwenye magunia, yakapelekwa ghalani Igalula.

Deus anajaribu Zablon peke yake. Patupu tena.

"Jamani! Wanachama elfu nne, Wamoravian tele wenye majina ya Biblia, na Zablon hakuna hata mmoja?"

"Labda mashine imemeza," anasema Recheli. Amechanganyikiwa kiasi cha kuinama kuangalia chini ya meza.

"Basi hebu tafuta mwenyewe."

Recheli anakaa. Vidole vinasogea, vinasimama. Anaziba mdomo kwa kiganja.

Recheli ni mke wa Silasi, na Silasi ni mtoto wa marehemu. Kwao mke hamtaji baba mkwe kwa jina, wala mwingine yeyote mwenye jina hilo. Hata jirani yake anayeitwa hivyo, yeye humwita Baba Neema. Mwaka mzima vidole vyake vilifuata mdomo.

Anaandika: Baba Silasi. Faili linafunguka, na picha ya mzee ndani yake, amevaa kofia.

"Mungu wangu," anasema. "Nimewaficha wote!"

Deus anacheka mpaka anafuta machozi. Lakini eneo halihamishwi kwa jina la Baba Silasi, lazima jina kamili liandikwe, na fundi haruhusiwi kubadilisha faili.

"Siwezi, Deus. Nakwambia siwezi, na mama yuko pale."

Minza ananyanyuka. "Nionyesheni hiyo herufi ya kwanza iko wapi. Huyu nimemzika mimi, namwita nitakavyo."

Anabonyeza kwa kidole kimoja, akilitamka jina kwa sauti. Recheli anaangalia dirishani hadi amalize.

Eneo limebaki kwao. Sasa Recheli anataka mfumo uongezewe nafasi ya jina la pili, lile ambalo mtu huitwa nyumbani. "Bado sielewi niliwezaje mwaka mzima bila kujiona," anasema, akitikisa kichwa.

Akina Zablon wengine wangali wamefichika humo ndani. Mama mkwe ameahidi kurudi Jumatatu na kidole chake.