Sahani ya Kombe ya Nyanya

Mwezi uliopita nilirudi Majengo, Meru, na kabla sijafika nyumbani harufu ya zafarani ikanikamata nje ya duka la viungo. Unanijua, siamini mambo mengi. Lakini pua yangu haikusoma chuo kikuu. Ilinirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha nyanya, nyuma ya bucha, nikiwa na miaka tisa, nikisaga zafarani kwa mgongo wa kijiko.

Nyanya alikuwa akiandika kombe. Alichovya kijiti kwenye zafarani, akaandika aya za Kurani juu ya sahani nyeupe, kisha akayaosha maandishi kwa maji na marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa. Walikuja baada ya alasiri, mashoka ya bucha yakigonga: wasiolala, waliofiwa, hata mama mmoja Mkristo kutoka mashamba ya chai, kabichi mbili kwenye kiondo. Nyanya hakuandika kitu kabla mtu hajazungumza.

"Sema kwanza," aliwaambia. "Zafarani haina haraka."

Wengine walisema mpaka uji ukaganda kwenye sufuria. Niliwahi kumuuliza wino unajuaje huzuni ya mtu. Alicheka sana. "We mtoto una maswali kama karani wa chifu! Wino haujui kitu. Mungu ndiye anajua."

Kisha siku moja mwalimu wetu wa madrasa akasimama mlangoni, mbele ya wanawake sita. Akamwita nyanya mshirikina, akaichukua sahani na kuipasua kizingitini.

Wanawake waliacha kuja. Hilo ningelisamehe. Nisilosamehe ni kwamba nyanya, aliyekuwa akitokwa na machozi ya raha kila akiomba dua, alianza kurudia swala. Anamaliza, anaanza upya. Anatawadha kwa maji baridi mpaka vidole vinakunjamana. "Mjukuu wangu," aliniuliza mimi, mtoto, "kwani nimemkosea Mungu miaka yote hii?" Alikufa akiwa bado anaogopa. Vipande vitatu vya sahani nilivificha ndani ya soksi.

Nilisoma saikolojia kwa sababu ya mwalimu yule. Wenzangu walitaka kazi. Mimi nilitaka maneno ya kumpigia. Imani inayotuliza na imani inayotesa: niliandika kurasa nyingi kuhusu tofauti hiyo, na katika kila ukurasa niliiona sura yake.

Basi mwezi huo uliopita, nikiwa bado nje ya duka la viungo, mwenye bucha akaniita. "Wee msomi! Mwalimu wako anakuulizia. Tangu afiwe na mkewe hapati usingizi, anazunguka uani kama kuku mgonjwa."

Sitaficha, nilifurahi. Nikapitia nyumbani kuchukua ile soksi, nikaenda kwake.

"Binti yangu," mzee akasema, "unakumbuka aya alizoandika nyanya yako?"

"Nakumbuka, maalim."

"Niandikie."

Nikavipanga vipande vitatu miguuni pake. "Sema kwanza. Siku ile ulimwita nyanya nini? Sema kwa sauti, majirani wasikie."

Wanawake waliokuwa wakianika nguo uani wakageuka. Akalisema lile neno, mshirikina. Nilidhani ataishia hapo, lakini maneno yakaendelea kumtoka. Mkewe alikuwa mmoja wa wale sita, na tangu siku ile hakumwambia tena lolote lililomsumbua. Mzee alilia mpaka kanzu ikalowa kifuani. Nilimwacha aseme yote, si kwa huruma. Nilitaka kuona mwisho wake.

"Na kombe?" akauliza.

"Sahani ilivunjika, maalim." Nikaokota vipande vyangu, nikaondoka.

Siku ya pili mwenye bucha akanikimbilia, kisu mkononi. "Ulimpa nini yule mzee? Amelala mpaka adhuhuri ikampita! Anakuombea dua msikiti mzima usikie."

Kumbe nilimpa nusu ya dawa ya nyanya, tena nusu iliyokuwa ikifanya kazi. Kisasi nilichokitunza miaka yote kimemtibu.

Chumba kile cha nyanya sasa ni cha kutengenezea simu. Zafarani hununuliwa kwa ajili ya pilau tu. Mwalimu analala, na mimi ndiye nisiyelala, na vipande vitatu mezani, nikiwa na mengi ya kusema, na wa kuniambia "Sema kwanza" hayupo.