Sentimita Saba za Jikoni

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Aprili 1955, saa nne asubuhi, katika jiko jipya la Stanislas Kasonde huko Kamalondo, walikuwamo watu sita: Stanislas mwenyewe, mkewe Angélique, watoto wao wawili, Bijou wa miaka saba na Godefroid wa miaka minne, shangazi yake Stanislas, Laurentine, aliyekuja kutoka Kongolo kwa majuma mawili na sasa alikuwa na mwaka wa tatu, na Jeannot, seremala, aliyeleta milango mitatu ya kabati ili wenye nyumba wachague.

Stanislas alikuwa karani wa ghala la reli. Kwa muda wa miaka kumi na saba alikuwa amehesabu misumari, taa na mataruma, na hesabu yake haikupata kukosolewa. Mita yake ya kukunja ilikaa katika mfuko wa koti hata alipokwenda misa. Alikuwa mrefu, mkimya, tena mwenye wivu, ingawa wivu wake haukuwa wa makelele. Mkewe akichelewa bombani, yeye alitazama saa. Mchuuzi akimwongezea Angélique samaki mmoja wa bure, samaki huyo Stanislas hakumla.

Mwaka ule alibomoa ukuta wa stoo, akamwaga saruji sakafuni, akafungua dirisha, ili mkewe aache kupikia uani. Yalibaki makabati.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kioo, wa pili wa wavu wa chuma, wa tatu wa ubao mwekundu wa mulombwa. Angélique alipitisha kiganja juu ya ule wa tatu.

"Hii," alisema. "Kioo, kila muntu atahesabu sukari yetu."

"Muzuri," akajibu Jeannot. "Tutaitundika ku ukuta. Sasa, Mama Bijou, unyoshe mukono juu. Kabati inapimwa ku mukono ya ule anapika."

Angélique akainua mkono, na mkono wa blauzi ukateleza mpaka begani. Jeannot alisogea na kamba yake. Stanislas akasimama kati yao.

"Shusha mukono."

"Baba Bijou, ni kipimo tu."

"Kipimo niko nacho. Jeannot, andika ubao wa sahani: mita mbili na kumi na tano."

Jeannot akatazama juu ukutani, kisha akamtazama Angélique, ambaye kichwa chake kilifika kifuani mwa mumewe.

"Papa Stani, njo weye, si yeye, utakuwa unapika?"

Laurentine alicheka hata akatafuta pa kukaa. Stanislas hakucheka, kwa kuwa aliona kwamba mkewe ametabasamu, na kwamba aliyetabasamiwa ni Jeannot.

Makabati yalitundikwa tarehe 7 Mei, kwa kipimo kile kile. Angélique hakuyafikia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Stanislas aliteremsha chumvi, sukari na mafuta; kila jioni alivipandisha. Laurentine aliwaambia majirani kuwa mtoto wa kaka yake sasa ana maghala mawili. Sahani zilikaa ndani ya beseni sakafuni, na Stanislas akanung'unika kwamba kabati la mulombwa limetundikwa ili kuhifadhi hewa.

Ijumaa, tarehe 20 Mei, alirudi kutoka kazini, akafungua kabati. Sahani sita za arusi zilikuwa juu, zimepangwa kwa unadhifu. Angélique alikuwa amesimama nyuma yake, akingoja asifiwe.

"Nani alibipandisha?"

"Mi mwenyewe."

"Nyosha mukono."

Akampima yeye mwenyewe, kwa kipimo kile alichomkataza seremala: mita moja na themanini na tatu. Akapima kigoda cha jikoni: sentimita ishirini na tano. Meza na viti vyote vinne vya nyumba vilikuwa vimeazimwa na jirani tangu jana yake, kwa ajili ya kilio.

"Mbili na nane," alisema. "Ubao uko mbili na kumi na tano. Inabaki sentimita saba. Hizo saba njo za nani?"

Angélique akatazama mlangoni, ambapo Laurentine alikuwa amesimama, kisha akainamisha uso.

Kweli ilikuwa hii: Angélique alikibiringisha kinu kutoka uani, akakipindua, akapanda juu yake, kisha akakirudisha uani, akakiacha kimepinduliwa. Kinu hicho kilikuwa cha marehemu mama yake Stanislas. Laurentine alikileta kwa treni kutoka Kongolo, na kwa watu wa kwao mwanamke anayekanyaga kinu amemkanyaga mama mkwe kichwani. Neno hilo halikuweza kusemwa mbele ya Laurentine.

"Jeannot alipita hapa na kinga leo?" akauliza Stanislas, maana seremala hakwenda popote bila baiskeli yake.

"Alipita ku barabara."

"Aliingia?"

"Hapana."

"Basi uliruka kama ndege. Sema."

Angélique akachukua beseni tupu, akatoka nalo uani. Jumapili, baada ya misa, akawachukua watoto, akaenda mtaa wa Katuba kwa kaka yake Rigobert.

Jumanne Laurentine alikwenda uani kutwanga mihogo. Kinu kilikuwa bado kimepinduliwa, na juu ya kitako chake palikuwa na nyayo mbili za unga, ndogo, zimekauka. Akamwita Stanislas.

"Pima," alimwambia.

Stanislas alipima kinu: sentimita arobaini na nane. Nyayo hakuzipima, alizijua.

"Alikanyaga kinu ya mama," alisema.

"Mama yako, wifi yangu, angecheka," Laurentine akajibu. "Weye njo hauna tena wa kukucheka. Enda."

Jumamosi, tarehe 28 Mei, alifika Katuba. Angélique alimpokea barazani, mbele ya Rigobert.

"Nimepima kinu," alisema Stanislas.

"Nilisikia."

"Rudia ku nyumba. Kabati nitaishusha kesho."

"Utaishusha ku kipimo gani? Jeannot akuje anipime, na weye usimame pale. Ukiweza kutazama, ntarudia."

Stanislas alitoa mita mfukoni, akaikunjua, akaikunja.

"Shemeji," Rigobert akasema, "ni mukono tu."

Stanislas aliiona tena blauzi ikiteleza mpaka begani.

"Kipimo chako kiko mu kichwa yangu," alimwambia mkewe. "Moja na themanini na tatu. Jeannot ataandika tu."

"Ile ulinipima kama mwizi," Angélique akasema, akaingia ndani.

Jumapili, tarehe 29 Mei 1955, saa sita mchana, Katuba walikuwako Angélique, Bijou na Godefroid, kwa Rigobert. Kamalondo walibaki wawili: Stanislas, aliyeteremsha chumvi, na Laurentine, aliyeipokea.