Fundi Cherehani na Mbwa Wake wa Mlangoni

Jirani yangu, fundi cherehani, ana mbwa mchanga ambaye akimwona mtu mlangoni humrukia hadi kifuani. Tangu mama yake fundi avunjike nyonga, na tukasikia kwamba akitoka hospitali atakuja kukaa hapa na magongo yake, jirani yangu hana mchezo: lazima mbwa aache kuruka. Mbwa akiruka, yeye humpa mgongo, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, na wateja pia lazima tugeuke. "Usimwangalie, shoga! Usimchekee!" hutuambia kwa pembe ya mdomo. Mbwa akiketi, mkono wa fundi hutoka mfukoni na kipande cha ini. Kwa gauni moja tu, mimi nimetolewa na kuingizwa mlango ule mara saba. Ukipita asubuhi utakuta watu wazima watatu wameelekea ukutani kama walioadhibiwa, na mbwa katikati yao anashangaa.

Jumamosi mama akafika. Magongo yalipogonga kizingiti, fundi alisimamisha cherehani, akabana pumzi. Mbwa alitetemeka kuanzia masikio hadi mkia, lakini makalio hayakubanduka sakafuni. Mama akajishusha kitini taratibu, akapigapiga paja. Mbwa akasogea polepole, akaweka kidevu pale, akatulia. Fundi alikuwa bado ameganda, machozi yanamlengalenga, pini zote mdomoni.

"Wewe una adabu, mjukuu wangu," mama akamwambia mbwa. "Hebu mfundishe na huyu mwanangu, maana tangu niingie hata salamu hajanipa."