Uzi wa Mafundo Mawili

Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa, kwa hiyo meli yetu kutoka Mombasa ilizunguka kusini kote mwa Afrika kabla ya kunifikisha Uingereza. Nilishuka kwenye treni Birmingham nikiwa na uzi mfukoni. Ulikuwa na mafundo mawili, moja la kisigino na moja la kidole gumba. Mke wangu alimpima binti yetu akiwa usingizini, ili nisije nikakosea viatu.

Katika mtaa wa Sparkhill nilikaa chumba kimoja na mtu wa kwetu aliyenitangulia miaka mingi. Nilimwita kaka. Naye alikuwa na uzi wa binti yake, ameutundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kila mwaka alikwenda nao sokoni Bull Ring, akaongeza nusu kidole kwa makisio, akanunua viatu. Hakuvituma. Aliviweka sandukuni na karatasi zake laini.

"Nitavipeleka mwenyewe," alisema. "Mwaka ujao tu."

Kiangazi kimoja alikuja nesi kutoka kwao, akamletea uzi mpya.

"Huu wa mamake?" kaka akauliza.

"Wa binti yako, shemeji! Siku hizi mamake ndiye anayeazima viatu kwake."

Tulicheka. Kaka akavuta sanduku, akaanza kupima. Kila kiatu alichokishika, uzi ulizidi. Alipofika cha mwisho hakuna aliyekuwa anacheka.

"Huwa ananiulizia?" kaka akauliza.

Nesi alitazama chini. "Alisema, 'Nisalimie yule baba wa Ulaya.'"

Kaka alivirudisha viatu kimoja kimoja, akivifunika kwa karatasi taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kisha akasema, "Mwaka ujao."

Nesi alipoondoka niliutoa uzi wangu. Fundo moja lilikuwa limeanza kulegea. Ule mguu niliokuja na kipimo chake haukuwepo tena. Ulikuwepo mwingine, nisioujua. Mimi ni mtu wa kuhamahama, hata sasa, na miaka yangu arobaini na kitu, bado miguu inaniwasha nikikaa mahali. Lakini wiki ile nilikwenda kukata tiketi ya nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta jozi tatu ndogo juu ya begi langu.

"Mwanao anavaa ipi?" kaka akauliza.

"Sijui, kaka."

"Basi chukua zote. Moja itamwingia."

"Twende wote."

"Tangulia, mdogo wangu."

Alinisindikiza hadi kituo cha basi, barabara ya Stratford. Mfuko wa viatu aliubeba yeye, na kila nilipounyooshea mkono aliuhamishia upande wa pili.

"Usimpime na uzi tena," alisema. "Mvalishe mwenyewe."

Basi likaja. Ndipo akaniachia mfuko.