Ukuta wa Mgeni Wetu wa Masika

Wiki jana mwalimu mkuu wa shule moja ya Tononoka aliniita akanisomea barua kutoka ng'ambo, akiifasiri kidogo kidogo. Imeandikwa na dada wa yule kijana mgeni aliyekuja na wenzake, mwaka uliofuata uhuru, kutusaidia kujenga madarasa mawili ya shule ile. Amefariki kwa maradhi ya kifua, hata miaka thelathini hajafika. Dada yake anasema marehemu aliwasimulia watu wa kwao mpaka wakachoka habari za ukuta alioujenga peke yake Mombasa siku ya mvua, na kwamba kumbukumbu hiyo ilimfariji alipokuwa kitandani. Mwalimu alifurahi kusikia hayo. Mimi nilitazama chini, kwa sababu ukuta ule haupo, na mmoja wa waliouvunja ni mimi.

Yalikuwa masika. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya chokaa na mchanga, chini ya fundi mmoja wa Mji wa Kale. Mvua ilipoanza, fundi aliifunika kazi yake kwa magunia akatuita barazani tunywe kahawa, maana chokaa mbichi haipatani na mvua, na hilo kwetu hata mtoto analijua. Hakuna aliyemweleza mgeni. Sisi tulidhani anajua. Yeye, nafikiri, alidhani sisi ni wavivu. Alibaki nje na mwiko wake akipanga mawe, maji yakimtiririka mpaka ndani ya viatu. Wenzangu wakamtania kwamba atayeyuka, naye akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mimi si sukari." Tulicheka sana. Kufikia alasiri alikuwa amepandisha safu nne za mawe, na chokaa yote imeteremka chini kama uji.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, fundi aliusukuma ukuta kwa mkono mmoja, mawe yakaja. Mwashi mwenzake alisema tumngoje mgeni aje ajionee, apate kujifunza. Fundi akakataa. "Mgeni hatahayarishwi," alisema. "Amelowa siku nzima kwa ajili ya wana wetu, leo nimwambie kazi yake ni bure?" Basi tuliubomoa, tukaujenga upya mbio mbio. Mgeni alipofika alinikuta mimi peke yangu pale. Akapitisha kidole baina ya mawe, akaniuliza, "Wangu?" Nikajibu, "Wako." Alinitazama kitambo, akacheka, akaenda kuchukua mwiko wake.

Kicheko kile ndicho kinachonitatiza. Ikiwa hakujua, tulimpa kitu cha kumfariji akifa, na sijui ni nani atakayesema tulikosa. Ikiwa alijua, basi alitusitiri sisi kama tulivyodhani tunamsitiri yeye, na hadithi aliyowasimulia kwao sijui aliisimulia kwa moyo gani. Nilikwenda kumuuliza fundi. Akaniambia nimwandikie yule dada kwamba ukuta u imara. Na ni kweli, u imara. Lakini nimekaa na karatasi siku tatu na sijaandika hata salamu.

Tangu tupate uhuru wageni wa namna hii wamekuwa wengi, na wengi wao wana nia njema. Wakifanya jambo tunawaambia, "Vizuri sana," wakigeuka tunalitengeneza, au tunaliacha lianguke wakishaondoka. Hayo tunayaita adabu, na mimi nimelelewa kwa adabu hiyo na ninaipenda. Ila yule kijana alikula nasi, alibeba mawe nasi, mikono yake ilichubuka kwa chokaa kama yetu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Sisi tulimpa. Naona sasa kwamba anayepewa jembe ana haki pia ya kuambiwa kuwa analima vibaya, na asipoambiwa, hata akikaa mwaka, bado amesimamishwa mlangoni.