Mji Uliochorwa Bila Bati

Wapo watakaosema nilikuwa na njaa, au moshi wa chokaa ulinipanda kichwani. Waache. Haya yalinipata mimi, Nachingwea, miaka ile Wazungu walipofungua mashamba makubwa ya karanga, na kaburi lililotokana nayo nililishikia jembe kwa mikono hii. Kaa vizuri, nitakueleza polepole.

Mji ulikuwa mpya kabisa. Juzi pori, leo reli, tangi la maji na laini za nyumba za wafanyakazi, zote za bati. Mimi, Mmwera wa Chiola, nilikuwa fundi wa chokaa. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, ujue hivi: chokaa iliyotoka tanuruni ukiimwagia maji huchemka yenyewe bila moto, na ikikurukia inachuna ngozi. Tuliikoroga kwa mti mrefu, tumesimama mbali.

Alasiri moja nilikuwa peke yangu, napaka ukumbi mpya. Wingu lilifunga hata mle ndani kukawa kama usiku. Nilitoka kuchota maji, na niliporudi nikakuta mtu anachora ukutani, juu ya chokaa yangu.

Alikuwa mwembamba, amejifunga shuka, na shuka lile lilikuwa likipepea. Niamini, ukumbini hamkuwa na upepo hata wa kutikisa utando wa buibui. Akageuka, akazamisha mkono hadi kiwiko ndani ya pipa la chokaa inayochemka, akakoroga taratibu, akautoa mzima.

Ningekimbia, lakini macho yalinasa kwenye picha. Kwa makaa na udongo mwekundu alikuwa ameuchora mji wetu wote, tangi, reli, laini kwa laini, na nyumba zote hazina bati. Bati zilikuwa hewani, zimekunjika kama majani makavu.

“Unatazama nini?” akasema kwa chuki, kana kwamba mimi ndiye niliyemharibia ukuta. “Tafuta nyumba yako.”

Niliiona. Laini ya tatu, pale mke wangu Somoe alipopikia banda moja na mke wa jirani. Boriti ilikuwa imeangukia banda, na chini yake mwanamke. Uso hakuuchora.

Nikamuuliza ni nani.

“Atakayekuwepo,” akasema. “Waambie, au funika. Mimi nimemaliza.”

Akanipita, akatoka. Papo hapo nyapara akaingia kwa mlango uleule, ambao ndio pekee, na akaapa hakupishana na mtu. Akauona ukuta. Hakutaka maelezo. Alisema wakubwa wanakuja asubuhi kukagua ukumbi, na nisipofuta uchafu ule nifunge virago. Nilipaka mara tatu. Chokaa ikiwa mbichi haifichi kitu, hivyo nilikaa nikiutazama mji ule ukififia kadiri ukuta ulivyokauka, hadi ukabaki weupe mtupu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea.

Alfajiri nilimpeleka Somoe Chiola kwa mama yake. Nilimdanganya kwamba nimeota mama yake anaumwa. Kwa hiyo usije ukasema sikuamini. Niliamini.

Jirani yangu alikuwa Komba, Mngoni wa Songea, na mkewe Tekla. Mngoni na Mmwera ni watani. Babu zao walipigana na babu zetu, sisi tunamalizia kwa maneno. Jioni nikaenda mlangoni kwao. Niliogopa kuchekwa, na zaidi niliogopa habari isije ikamfikia nyapara nikakosa kazi. Basi nikaisema kwa kicheko: “We Mngoni, mwondoe mkeo hapa. Bati lenu linaruka wiki hii.”

“Mikuki yetu mliikimbia,” Komba akanijibu, “sasa mnakimbia hata upepo?”

Tekla alicheka hadi akashika mbavu. “Shemeji, likiruka tutalidaka, tulikaangie karanga.”

Nami nikacheka. Je, sikuweza kunyamaza kidogo, nikakunja uso, nikarudia maneno yaleyale? Niliweza. Niliaga nikaenda kulala.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, upepo ulikuja kutoka upande wa Lindi na mvua ya kulala ubavu. Sijawahi kusikia mlio kama ule wa bati zinazong’oka pamoja. Nilikimbia kutoka kazini nikijikinga na ndoo kichwani. Laini ya tatu ilikuwa wazi juu, boriti imeangukia banda. Tekla alikuwa anapika peke yake. Tulipomtoa alikuwa amekwisha.

Kwetu mtani ndiye hushika jembe la kaburi, na ndiye hutania pale makaburini ili wafiwa wapate kupumua. Watu walikuwa wakiningoja. Nilisimama na jembe bila kutania.

“Mtani, mbona kimya?” Komba akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini: “Mkeo yuko wapi?”

“Chiola.”

“Tangu lini?”

“Kabla sijaja mlangoni kwako.”

Hakunitukana. Alilichukua jembe mkononi mwangu, akamfukia mkewe mwenyewe. Mwezi ule akarudi Songea, na hatukuagana.

Niliacha chokaa, nikahamia Nkowe kulima. Mngoni akinitania sokoni Ruangwa, namsalimu kwa heshima na kupita. Wanasema nina kiburi. Na mara moja, duka jipya la kuezekwa bati lilipokuwa likijengwa pale Ruangwa, niliona kwa mbali mtu mwembamba amesimama mbele ya ukuta wake na kipande cha mkaa, shuka linapepea katikati ya jua lililotulia. Sikungoja aanze. Nilisimama katikati ya soko nikawaambia watu kila nilichokijua, tangu mwanzo. Wengine waliniita mwehu. Akina mama wawili walibeba watoto wao wakaondoka, na hao wawili walinitosha.

Basi nawe, siku ukikuta mji wako umechorwa hivyo, usikimbilie brashi. Nenda kwa jirani. Utatetemeka, hilo ni kawaida, hata mimi bado natetemeka. Ila ukifika mlangoni kwake, usicheke.