Breki ya Mama Léonie

Léonie Ntumba alikuwa mkunga katika maternité moja, yaani hospitali ya uzazi, mjini Lubumbashi, lakini nyumba yake ilikuwa Katuba, kwenye avenue yetu. Wazazi wake walitoka Kasai zamani. Yeye alizaliwa hapahapa, akasoma hapa, na makaburi ya baba na mama yake yako hapa. Kanisani aliongoza kwaya. Wale waliozaliwa mikononi mwake hawakupita mbele yake bila kumsalimia, hata waliokwisha kuota ndevu.

Kila asubuhi aligombania nafasi kwenye taxibus, au alipanda nyuma ya manseba, wale wanaume wanaobeba abiria kwa moto, yaani pikipiki, ambao aliwaogopa kuliko radi. Basi kaka yake Franck, ambaye huvuka mpaka pale Mokambo kwenda Zambia kwa biashara, akamletea trotinete ya umeme: ubao wa kusimamia, magurudumu mawili madogo, usukani wenye taa, na betri iliyofichwa chini ya ubao. Siku ya kwanza avenue nzima tulitoka kumtazama. Mama mzima, pagne yake ya kitenge imefungwa vizuri, amesimama wima kama askari wa gwaride, anapita bila kelele wala moshi. Jina likamkaa siku ileile: Mama Trotinete.

Hakuichukulia kama mchezo. Jioni aliifuta matope kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu Franck alimwonya asiimwagie maji yakaingia kwenye betri. Aliminya magurudumu kwa kidole gumba, na yakilegea alijaza upepo. Alikaza kile chuma kinachoshika usukani usijikunje barabarani. Umeme wa mtaa ukikatika, aliichaji kazini, kwenye sola ya maternité. Na barabarani! Alishika upande wake wa kuume wa barabara, kofia ngumu kichwani, gilet ya njano kifuani. Alinyoosha mkono kabla ya kukata kona. Polisi wa roulage, yule wa barabarani, akiinua mkono, alisimama palepale, hata kama magari nyuma yake yalimpigia honi kama yamerukwa na akili.

Shida yake ilikuwa moja: hakujua kunyamaza. Kuna kona moja Kamalondo ambapo manseba wanangojea wateja, na kila asubuhi alipopita hapo alikuwa na neno.

"Chance, casque yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba, Mama Léonie."

"Na kichwa? Nayo uliiacha ku nyumba?"

Wenzake walicheka, naye Chance akacheka pamoja nao. Alikuwa mwanaume mpole, mwenye mke na watoto, na moto aliyoendesha ilikuwa ya mtu mwingine. Hakumjibu vibaya hata siku moja. Baada ya muda tukamwona amevaa kofia, ya buluu, na Mama Léonie akapita akitabasamu kama mtu aliyeokoa roho.

Halafu mvua zikaanza. Katanga, mvua zikianza, barabara inageuka tope jekundu lenye mchanga, na ule mchanga unakula breki. Mama Léonie aliona mwenyewe kwamba kishikio cha breki kinakwenda mbali zaidi kila wiki. Franck alikuwa amemfundisha: kuna skrubu ndogo ya kukaza waya, na ikifika mwisho, ubadilishe zile pedi zinazobana gurudumu. Akakaza, akakaza tena, mpaka skrubu ikafika mwisho. Pedi mpya alikuwa nazo ndani ya droo. Nitabadilisha Jumamosi, alijiambia. Jumamosi ikaja na harusi. Jumamosi nyingine ikaja na mazoezi ya kwaya. Breki bado ilikuwa inashika kidogo, na mtu anaizoea breki mbovu kama anavyozoea jino linalouma.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imetoka tu kukatika, Myriam, mkunga mwenzake, ambaye humwita Yaya, yaani dada mkubwa, alimpigia simu.

"Yaya Léonie, kuya mbio. Kuko mama hapa, mutoto amekaa vibaya, na docteur hayafika."

Mama Léonie akaondoka. Alipofika Kamalondo, lori lilikuwa limezama kwenye shimo na barabara yote imeziba. Pembeni kulikuwa na barabara ndogo, sens unique, inayoteremka kuelekea upande aliotaka yeye, lakini magari yanaruhusiwa kupanda tu. Alisimama akaitazama. Angeweza kushuka akatembea pembeni akiisukuma trotinete, kama alivyowaambia wengine mara nyingi. Akajiambia, leo tu. Akaingia.

Mama Agnès, muuza vitumbua vya unga wa ngano, alitoka kati ya vibanda na beseni kichwani. Kabla ya kuvuka aliangalia upande magari yanakotokea, kama sheria inavyotaka, akaona moto iko mbali bado, akakanyaga barabara. Upande wa pili hakuangalia, na kwa nini aangalie? Trotinete haina mlio. Mama Léonie alibana breki kwa nguvu zake zote, kishikio kikagusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka kama vile hakuna mtu aliyeliomba lisimame. Alimgonga Mama Agnès ubavuni. Beseni likaruka, vitumbua vikamwagika kwenye tope, na wote wawili wakaanguka.

Ile moto iliyokuwa inapanda ilikuwa ya Chance. Alipowaona wamelala mbele yake, alikata usukani ili asiwapite juu, akateleza, akaanguka mita chache kutoka kwao, na moto yake ikanguruma pale chini mpaka akaizima.

Huo mngurumo ndio watu waliousikia. Walitoka madukani, mafundi cherehani na vitambaa mikononi, wateja wa baa ambao walikuwa wameanza mapema, na walichokiona ni mama wawili chini na moto moja chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Manseba! Tena manseba! Biko biuaji hibi!"

Mmoja alimshika Chance shati, mwingine akampiga kofi, kofia ya buluu ikabiringika. Wanawake walimwinua Mama Léonie, wakampangusa tope, wakamwambia pole, pole sana mama yetu. Mama Agnès alikuwa amekaa chini akiushika mkono wake, analia, hajui kilichompata. Polisi wa roulage alikuja kutoka kule lori lilikozama, akatenganisha watu, akamgeukia yule aliyemwona kila siku akisimama vizuri mbele ya mkono wake.

"Mama, we njo unajua sheria. Ni huyu njo alibagonga?"

Watu wakanyamaza wamsikie. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa na neno la kweli mdomoni, fupi tu, lakini aliziona nyuso zile zikimtazama kwa heshima, na neno likarudi ndani. Likatoka lingine.

"Alikuya mbio," akasema.

Chance alimtazama. Damu kidogo ilimtoka kwenye nyusi.

"Mama Léonie," akasema taratibu. "Mama, sema vile ilikuwa."

"Minachelewa. Kuko mama anazaa." Akainua trotinete, akaisukuma mpaka kwenye kona, akaenda.

Mtoto alizaliwa mzima. Myriam alipoona tope kwenye nguo zake alipiga kelele, na bila kungoja aelezwe akawaita wenzake: manseba wamemwangusha Yaya Léonie, na bado amekuja kuokoa mtu! Wakampigia makofi. Yeye akaingia mahali pa kunawia mikono, akafungua maji, akasimama pale mpaka Myriam akaja kumwuliza kama anaumwa.

Siku zilizofuata alibadilisha njia. Alizunguka mbali ili asipite kwenye ile kona. Pedi mpya alikuwa ameziweka jioni ileile, na sasa breki ilishika vizuri kabisa, na kila iliposhika alihisi uso unamwaka. Aliposikia moto nyuma yake aliinamisha kichwa. Hakumkemea mtu tena. Sisi majirani tulidhani ni mshtuko wa ajali.

Jumapili kanisani aliinua mikono kuanzisha wimbo, sauti haikutoka. Kiongozi wa ibada akasema tumwombee mama yetu. Tukamzunguka, tukamwekea mikono mabegani, na kiongozi akaomba kwa nguvu Mungu awaadhibu madereva wasio na hofu, wanaoangusha mama za watu kisha wanasema uongo. Tukaitika amina. Naye aliitika. Nilikuwa karibu yake, nikamsikia.

Kesho yake alikwenda Kamalondo kumtembelea Mama Agnès, na sukari, na mafuta ya kukaangia. Alimkuta kwenye baraza, mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Mama Agnès alifurahi kumwona, akampa kiti.

"Mwanangu, na we ulianguka, lakini unanikumbuka. Mungu akubariki." Kisha akashusha sauti. "Unajua ule muke ya manseba alikuya hapa? Alipiga magoti. Anasema bwana yake haiko ye aliniangusha, lakini anaomba pardon tu, sababu mwenye moto alimunyanganya moto, sasa hawana kazi. Nilimufukuza kama imbwa. Nilimuambia, hata magoti yako iko ya bongo, ya uongo."

Mama Léonie alikuwa ameshika sukari bado. Akaiweka chini.

"Mama, haikukuwa ye."

"Nini?"

"Haikukuwa Chance. Ni mi. Nilipita mu sens unique, na frein yangu ilikuwa imekufa. Nilijua kama imekufa. Ye alianguka sababu ya kutuepuka."

Mama Agnès alijisogeza nyuma kidogo.

"Na polisi alikuuliza," akasema. "Mi nilisikia akikuuliza."

"Aliniuliza."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilisikia haya, Mama."

"Haya? Na sasa je, haya imekwisha?"

"Sasa njo iko mingi."

Mama Agnès aliisukuma sukari kwa mguu. "Beba bintu byako. Enda kwanza kwa ule mama mwenye nilifukuza. Kama hauyaenda, usikanyage hapa."

Alikwenda. Alipitia kwanza kwa yule polisi, ambaye alijikuna shingo, akasema mambo hayo yamekwisha pita, Mama, wacha tu. Mama Léonie hakukubali. Alisimama pale mpaka akaandikiwa faini yake mwenyewe. Kisha akaulizia nyumba ya Chance, akaifikia kwa miguu.

Chance alikuwa juu ya ngazi, anafunga bati lililolegea. Mkewe, Joëlle, alipomwona mgeni aliingia ndani bila kujibu salamu. Mama Léonie alimwambia Chance yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Chance alisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Mi nilijua tu," akasema mwishoni. "Nilikuona unashuka. Haukuhitaji kuniambia mi."

"Nikuambie nini basi? Nifanye nini, Chance?"

"Balinipiga mbele ya bantu. Muntu alinitemea mate. Bamama bale bananunua nyanya karibu na muke yangu na banamugeuzia mugongo." Akashuka kutoka kwenye ngazi. "Enda palepale. Uambie bale bale. Haiko mi."

Mama Léonie akaenda kesho yake asubuhi, wakati watu wamejaa. Aliacha trotinete nyumbani. Alisimama karibu na vibanda akaanza kusema, na mwanzoni redio ya baa ilimshinda sauti. Ilibidi aombe ipunguzwe, aanze tena. Alisema kila kitu: sens unique, breki, swali la polisi, na jibu lake. Baadhi walisikiliza. Wengine walicheka, "Mama Trotinete! Njo ye alikuwa anatufundisha casque!" Mwanamke mmoja aliyempangusa tope siku ile alifyonza kwa sauti, akamgeuzia mgongo. Manseba hawakucheka. Walikuwa wamekaa juu ya moto zao, wakimtazama mpaka alipomaliza, na hakuna aliyesema neno. Alisimulia kwamba kicheko angeweza kukivumilia. Ule ukimya ndio uliomfuata mpaka kazini.

Moto ya Chance haikurudi. Mwenye nayo alikuwa ameshampa mtu mwingine. Franck alimpatia Chance kazi ya kupakia mizigo kwa muda, na msimu wa mvua ulipokwisha akapata moto nyingine kwa tajiri mwingine. Sasa wakikutana barabarani anamwinamishia kichwa Mama Léonie, anapita. Haongei naye. Mama Léonie anasema ni haki yake.

Kwaya aliiacha mwenyewe kuiongoza. Anaimba mstari wa nyuma. Trotinete bado anaitumia, na akifika kwenye ile barabara anashuka, anaisukuma mpaka mwisho, watu wakimtazama.

Mkono wa Mama Agnès uliunga, lakini umepinda kidogo na hauna nguvu ya kukanda unga mwingi. Kwa hiyo Jumamosi, kabla jua halijapanda, Mama Léonie huenda Kamalondo, anafunga kitambaa kichwani, anakanda. Wateja wapya wakimwona huuliza, "Mama Agnès, huyu njo mutoto yako?"

"Hapana," anajibu Mama Agnès, bila chuki, akigeuza vitumbua kwa mkono wake mzima. "Njo ule mwenye aliniangusha."

Wateja wanamgeukia. Mama Léonie uso unamwaka hata leo, mikono imezama kwenye unga, lakini hainamishi macho.

"Ndiyo," anasema. "Ni mi."